Kioo cha Chumba cha Michezo

Kwa Mama Pasi hapakuwa na salamu ya bure. Mtu akimwambia amependeza, kwanza huangalia mikono ya huyo mtu imeshika nini. Akiletewa furushi la nguo za kupiga pasi, hulifungua mbele ya mwenyewe, hukunjua shati moja baada ya jingine na kuonyesha kwa kidole: hapa paliungua kabla hazijafika kwangu, hapa kifungo hakipo, umeona? Umeona. Basi tuelewane. Majirani walikuwa wakisema yule mama akifa atamkagua hata mchimba kaburi. Yeye hakujali. Walioaminiana aliwaona wamefikia wapi.

Hakuzaliwa hivyo. Kuna wakati alikuwa mke wa fundi majokofu, mwanamke wa kucheka kwa sauti, na binti yao alipozaliwa alilia kwa kelele ambazo hata wakunga walizicheka. Baba mtu akamwita Chiriku. Huyu atatupigia domo mpaka tuhame nyumba, alisema, na jina likashika. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine, Chiriku asitoe hata neno. Alitembea kwa ncha za vidole. Alipepea mikono karibu na macho kama mtu anayekausha rangi ya kucha. Pikipiki ikipita dirishani, alijilaza chini akaziba masikio. Na kila mtoto wa jirani alipoita "Chiriku!" uani, mama alihisi anachomwa sindano, maana hakuna asiyejua chiriku ni ndege wa namna gani.

Muuguzi wa kwanza alisema mtoto ni kiziwi. Wa pili akasema si kiziwi, ila mama haongei na mwanawe vya kutosha. Hayo akiambiwa mwanamke ambaye akikosa mtu huongea na pasi. Mume akapata kazi mji mwingine, akaaga kwamba anatangulia kutafuta mahali, kisha atawaita. Habari zilizokuja baadaye ni kwamba mahali amepata, na wa kukaa naye hapo amempata pia.

Lakini lililomkausha kabisa lilikuwa la bwana mmoja wa semina. Alikuja kwenye shule ambako Chiriku alikuwa akijaribiwa, akiwa na simu kubwa na maneno matamu, akasema anachukua picha za video ili wataalamu wamwone mtoto na kumsaidia. Mama Pasi akakubali. Kengele ikagongwa, Chiriku akaanguka mchangani akipiga mayowe, na mama akapiga magoti kumkumbatia, sketi imempanda, kilemba kimeanguka. Bwana akachukua yote, akashukuru, akaenda. Miezi ikapita. Karani mmoja, mteja wake, akaleta mashati akicheka. "Mama Pasi, nimekuona semina. Ulikuwa ukuta mzima." Alipoulizwa ukuta gani, akaeleza: ukumbini, kwenye ukuta mweupe, watu wamejaa, wanakunywa chai. Mama Pasi akalipiga shati lake pasi vizuri kuliko siku zote, kwa sababu mikono ilikuwa haina habari na kichwa. Usaidizi hakuuona mpaka leo.

Kwa hiyo alipoandikiwa kumpeleka Chiriku kwenye kituo kipya cha hospitali, ghorofani juu ya chumba cha chanjo, alikwenda, lakini alikwenda shingo upande.

Pale palikuwa mahali pa kufundishia, na waliofundishwa walikuwa watu wazima wenye vyeti vyao tayari: mwalimu, muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii. Waliletwa wajifunze kukaa na watoto kama Chiriku, ambao akili zao zimekua kwa njia zake. Mzazi alileta mtoto, mwanafunzi akapewa mtoto huyo wa kufanya naye kazi kila wiki, na juu ya mwanafunzi kulikuwa na walezi wake, watu wa fani mbalimbali wanaomfundisha kwa pamoja. Aliyepewa Chiriku alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti mwembamba wa kutokwa na jasho, na wote pale walimwita Mwalimu. Walezi wake walikuwa watatu. Daktari wa watoto, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Mtaalamu wa viungo na mazoezi, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kuamsha walio wadi ya jirani. Mama Pasi alimpa jina la Mama Viungo. Na mwanamume mmoja mrefu wa kufundisha watoto kusema, ambaye mwenyewe maneno yake aliyatoa kwa kijiko. Huyo akawa Bwana Matamshi. Kati ya wote, ndiye aliyemchukia zaidi. Mtu asiyesema, alijiambia, anaficha.

Chumba cha michezo kilikuwa safi mno. Mkeka wa plastiki mwekundu na buluu, meza fupi, kikapu cha vipande vya mbao, kiti kimoja cha mzazi pembeni, na ukuta mmoja karibu wote kioo cha kujitazamia. Mama Pasi alikaa kwenye kile kiti na kukagua kama anavyokagua furushi.

Na alianza kuona mambo. La kwanza, wale walezi watatu walikuwa wakija kumsalimia, wanamshika mkono, wanamsifu mtoto kwa gauni lake la njano lililopigwa pasi likanyooka, halafu wanatoka kwa mlango na kupotea. Kazi ikiisha wanarudi wakijua kila kitu. "Leo amepanga vipande mpaka kifuani," Daktari alisema siku moja, na alikuwa hayupo vilipopangwa. La pili lilikuwa la Mwalimu. Kila mara kabla ya kusema neno alinyamaza kidogo, akagusa sikio lake la kulia lenye kidude cheusi, kisha akasema. Wakati mwingine alijibu "sawa" wakati hakuna aliyemwambia kitu. Mama Pasi aliwahi kuona mtu wa kusikia sauti, lakini yule alikuwa hajakabidhiwa mtoto wa mwenzake.

La tatu lilikuwa la Chiriku mwenyewe. Hakupenda meza, hakupenda vipande. Alipenda kioo. Alikikimbilia, akakiegemezea uso, akazungushia viganja pande zote za macho, akasimama vile kama mtu anayechungulia dirisha la duka lililofungwa. Mwalimu alikuwa akimfuata na kumrudisha mezani kwa upole, na mama aliyetahayari kwa alama za mafuta na mate alikuwa akiinuka na kupangusa kioo kwa pembe ya mtandio wake. Tena na tena, wiki baada ya wiki. Mtoto kwenye kioo, Mwalimu anarudisha, mama anapangusa.

Wifi yake, dada wa yule mume, alikaa nyumba ya pili na habari zilimfikia kabla hazijatokea. Jioni moja alikuja kuomba kiberiti akaondoka na kikombe cha chai, na katikati akadondosha neno. Amesikia kwamba kule ghorofani watoto wanachujwa. Wanaotazamwa wakaonekana hawafai kukaa na mama zao, wanapelekwa bweni, nje ya mji, kwenye geti.

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema, wifi. Mimi mdomo wangu uko wapi?"

Mama Pasi hakulala vizuri. Siku iliyofuata ya kwenda kituoni, akamuuliza Mwalimu waziwazi kama Chiriku anatakiwa bweni. Mwalimu akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akagusa sikio. "Hilo tutalizungumza na timu, mama," akasema, na sauti haikuwa yake.

Basi ndiyo kweli, mama akajisemea moyoni. Wanakula njama.

Mwalimu akamchukua Chiriku kwenda msalani, na mama akabaki peke yake na kile kioo. Alikuwa amewahi kubaki nacho. Alikuwa ameshawahi kujiangalia meno mbele yake, kujivuta sidiria, na siku moja, siku mbaya, kulia kidogo na kujipangusa. Sasa akasimama na kutazama zile alama za viganja vidogo ambazo alikuwa hajazipangusa bado. Hakujua alifikiri nini. Pengine alichoka tu kujiona. Akainama, akaweka uso pale pale mwanawe anapouweka, akazungushia viganja pande za macho.

Akaona birika.

Birika la umeme, linatoa mvuke. Kando yake magoti, ya mtu aliyevaa suruali ya kijivu. Halafu sahani ya biskuti. Halafu, akipandisha macho, miwani inayoning'inia kwa kamba, na juu yake uso wa Daktari umeacha kutafuna, unamkodolea.

Walikuwa wote watatu, kwenye giza lao, wamekaa safu kama watu wa sinema.

Hakupiga kelele. Alikwenda msalani, akamtoa Chiriku mikononi mwa Mwalimu, akambeba ingawa alishakuwa mzito wa kubebwa, akashuka ngazi. Huku nyuma mlango ukafunguka, mtu akaita "mama, mama," yeye miguu tu. Ukuta mweupe, alikuwa akifikiri. Ukuta mzima. Sidiria.

Mwalimu alimkuta chini, kwenye mlango wa chanjo, akihema.

"Mama, naomba unisikilize."

"Kwanza toa hicho kidude sikioni. Nataka kuongea na wewe, siyo na biskuti."

Mwalimu akakitoa. Alieleza harakaharaka: ndivyo wanavyofundishwa, walezi wanakaa nyuma ya kioo ili mtoto asichanganywe na watu wengi, wanamnong'oneza yeye sikioni la kufanya. Kwamba ilisemwa siku ya kwanza pale mapokezi. Kwamba alidhani mama anajua.

"Wanampima mwanangu wakinywa chai."

"Wananipima mimi, mama. Kile kioo mimi nakiogopa kuliko wewe."

Mama Pasi aliyapima maneno hayo na kuyaona matamu mno. Bwana wa semina naye alikuwa mnyenyekevu. Akauliza la bweni. Mwalimu akatazama ngazi, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli limetajwa. Daktari ndiye anayelifikiria. Wiki ijayo wanakaa kuamua, na mama akija au asipokuja, watakaa.

Hilo neno la mwisho ndilo lililomrudisha. Alikuwa ameapa njia nzima kwamba hakanyagi tena ngazi zile. Lakini wakiamua yeye hayupo, wataamua watakavyo. Usiku aliponyunyiza maji kwenye mashati kwa chupa yake yenye kizibo cha matundu, Chiriku akiwa chini ya meza ya pasi, mahali alipopenda kwa sababu ya joto, alimweleza wifi yake yote, akitarajia hasira ya kumsindikiza. Wifi akakigeuzageuza kiberiti alichokuja kuomba.

"Kwani wifi, bweni ni jela? Ungepumzika. Tena kaka alikuwa anasema juzi, mtoto akipata mahali pazuri, yeye na wewe mambo yangeweza kukaa sawa."

Mama Pasi akaisimamisha pasi kwa kisigino chake.

"Kaka yako amesema juzi. Kumbe mnaongea."

"Si ndugu yangu?"

"Arudi afanye nini huku? Kupigiwa pasi?"

Wifi akacheka kidogo, kisha akaona hapana mwenzake kwenye kicheko, akachukua kiberiti chake akaenda. Mama Pasi akabaki akitazama pale chini ya meza. Sasa alielewa kwa nini wifi alimletea habari za bweni. Watu wote waliomzunguka, wenye makoti ya hospitali na wasio na makoti, walikuwa na mahali pa kumweka Chiriku, na hakuna aliyesema hapa.

Siku ilipofika alimvalisha mtoto gauni la njano na kupanda ngazi. Walezi watatu walikuwa wanamsubiri mlangoni, nyuso za msibani. Daktari akaanza kuomba radhi, akasema walimweleza juu ya kioo siku ya kwanza.

"Karani wa mapokezi aliniambia maneno mengi nikaitikia," alisema Mama Pasi. "Mimi huitikia watu wa makoti. Leo siitikii. Nakaa nyuma ya kioo pamoja nanyi, au mwanangu simvui viatu."

Daktari alisema haijawahi kufanyika. Mzazi anaweza kuumia kwa anayoyasikia kule, na wao pia hawatakuwa huru kumkosoa mwanafunzi. Mama Viungo akasema kama ni hivyo basi sisi tumekuwa huru kupita kiasi. Bwana Matamshi aliinuka. Alikwenda kuongeza kiti.

Ili mtoto asishtuke, mama aliuacha mtandio wake kwenye kile kiti cha mzazi, akambusu Chiriku kichwani, akapita mlango wa pili.

Kule nyuma palikuwa padogo na pa giza, pananuka biskuti na soksi. Kulikuwa na kipaza sauti kifupi juu ya meza, chenye swichi. Kioo, kwa upande huu, hakikuwa kioo bali dirisha, na ndani yake chumba cha michezo kilionekana angavu kama runinga. Mama Pasi alikaa mwisho wa safu, mkoba mapajani, akawatazama wao badala ya mwanawe. Alitaka kuwaona wakicheka.

Hawakucheka. Tena jambo la ajabu, macho yao hayakuwa kwa Chiriku. Yalikuwa kwa Mwalimu. Walimtazama kama mama mkwe anavyomtazama mke wa mwanawe akikoroga chungu. Amekaa mbali. Anauliza maswali mengi kwa pumzi moja, mtoto atajibu lipi? Kiti kirefu, alisema Mama Viungo, nilisema kile kiti kirefu, miguu haigusi chini, mtu asiyegusa chini atatulia vipi? Bwana Matamshi akasema si kiti, ni kelele za feni. Wakabishana, kila mmoja akivutia kwake. Mwalimu kule ndani aligusa sikio na jasho likamshuka mgongoni. Mama Pasi kwa mara ya kwanza alimwonea huruma, kidogo, na huruma hiyo akaitia shaka papo hapo.

Kisha Daktari akashusha pumzi na kusema, akijua anasikika, kwamba ni bora lisemwe mbele ya mama kuliko nyuma yake. Toka mtoto aje pale hajawahi kumwomba mtu kitu. Hanyooshi kidole, havuti mkono wa mtu, hapeleki chombo kwa mtu afunguliwe. Mtoto asiyeomba ana hatari kubwa, kwa sababu hata akiungua hatakuja kusema. "Na wewe mama uko peke yako, na pasi ya moto chumba kimoja naye. Naogopa. Ndiyo maana nikataja bweni, sitaki kukudanganya."

"Pasi hiyo haijamgusa toka azaliwe."

"Nakuamini. Ninaogopa ya kesho."

Maneno hayo yalimuudhi Mama Pasi zaidi ya tusi. Maana ilikuwa kweli, Chiriku hakuomba. Maji alijinywesha, chakula alikichukua, asichokifikia alikiacha. Yeye mwenyewe alikuwa akikisia mahitaji yake yote kabla hayajafika, akijisifu kwamba hakuna mama anayemjua mwanawe kama yeye.

Mle ndani Chiriku alikuwa amesimama mbele ya kiti cha mzazi. Alikitazama kiti kitupu. Akauchukua mtandio, akaunusa, akaufunga kwenye ngumi. Akageuka moja kwa moja kwenda kwenye kioo, akazungushia viganja macho, mtandio ukining'inia kwenye mkono mmoja.

Alisimama mbele ya Daktari. Akasogea hatua. Akasimama mbele ya Mama Viungo, akasogea. Bwana Matamshi, akasogea. Alipofika mwisho wa safu, uso kwa uso na mama yake, akakoma.

"Anatuona," alisema Mama Viungo taratibu.

Macho ya mtoto, makubwa, meusi, yaliyobanwa na kioo, yalikuwa yametua kwenye uso wa mama kama inzi anavyotua na kugoma kuondoka.

"Muda wote huu," alisema Daktari. "Sisi tukiita ni tabia ya kurudiarudia. Tukasema arudishwe mezani."

Mama Pasi naye alikumbuka pembe ya mtandio wake na zile alama za viganja. Yeye alikuwa akizipangusa.

Kule ndani Mwalimu, kama alivyofundishwa, akainuka kumrudisha Chiriku mezani. Mama Viungo kwa mazoea akanyoosha mkono kwenye swichi ili amwambie ampe kiti kirefu, na Bwana Matamshi akakifunika kipaza sauti kwa kiganja chake chote.

"Ngoja," alisema.

Mwalimu alisubiri sauti sikioni. Haikuja. Akasimama katikati ya mkeka, mikono imening'inia, akitazama kioo ambamo yeye alijiona mwenyewe tu. Kisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia la kufanya, akakaa chini pale pale, karibu na mtoto, akanyamaza.

Chiriku aliubandika mtandio kwenye kioo, usawa wa kifua cha mama, kana kwamba ungepenya. Haukupenya. Akajaribu tena juu kidogo. Akaanza kutoa ile sauti yake ya puani, ile ambayo huwa inatangulia mayowe.

Mama Pasi akainuka, mkoba ukaanguka.

"Usiende bado," alisema Bwana Matamshi.

"Niache nipite."

"Mama, ukienda umempa kabla hajaomba. Mwache kidogo tu. Anakaribia."

Kila kitu ndani yake kilimwambia huyu ndiye bwana wa semina kwa koti jingine; sasa anataka mtoto alie mpaka mwisho ili aandike. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Na ilikuwa dhahiri kwake kwamba akifungua, mtoto atanyamaza, na Daktari atakuwa amesema kweli. Akabaki na kitasa mkononi, hafungui wala haachii, meno yameumana.

Chiriku alishuka kutoka kwenye ncha za vidole. Alimtazama Mwalimu aliyekaa chini. Hakumtazama usoni, alitazama mkono wake. Akauchukua mkono ule kwa kidole kimoja, kama mtu anayeokota kitu kichafu, akauvuta. Mwalimu akafuata. Wakavuka mkeka mpaka mlangoni, na hapo Chiriku akauweka mkono wa Mwalimu juu ya kitasa, akauachia, akasubiri.

"Mlango," alisema Mwalimu, polepole, neno moja peke yake.

Akafungua.

Nyuma ya kioo waliona chumba kitupu, kiti, vipande vya mbao. Walisikia miguu midogo ikipita koridoni, ikasimama. Kisha kitasa kilichokuwa kwenye mkono wa Mama Pasi kikazunguka kutoka upande wa pili.

Mama hakukumbuka baadaye nani alilia na nani hakulia. Alikumbuka kwamba Chiriku aliingia bila kuwaangalia wengine, akamtupia mtandio, na mama alipoketi akapanda mapajani mwake na kuchukua biskuti kwenye sahani ya Daktari. Mama Viungo akaachia kicheko chake, na safari hii mtoto hakuziba masikio, alitafuna tu. Mwalimu alisimama mlangoni, kidude kimemtoka sikioni kinaning'inia shingoni, akiuliza kama amekosea.

"Hujakosea," alisema Bwana Matamshi. Halafu akajazia, na kwake hiyo ilikuwa hotuba: "Tumekosea sisi, tulikuwa tunaongea sana."

Mkutano wa uamuzi ulifanyika humo humo kwenye giza. Daktari alisema suala la bweni analiweka pembeni kwa sasa. Mtoto ataingizwa darasa la mchana katika shule ya karibu na nyumbani, na Mwalimu ataendelea naye huko kama sehemu ya mafunzo yake. Watamtazama tena baada ya muda.

"Kwa sasa," alirudia Mama Pasi, na akalichomeka neno hilo mahali anapoweza kuliona, kama sindano kwenye kitambaa. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Huko shuleni, nyuma yako atakaa nani?"

"Hakuna kioo shuleni, mama."

"Basi nitakaa mimi."

Mwalimu akacheka, akaona mwenzake hatanii, akasema sawa.

Wifi alipokuja na kiberiti chake kuuliza yamekwendaje, aliambiwa amsalimie kaka yake na amwambie mtoto amepata mahali pazuri, ni hapa. Akaulizwa kama ana nguo za kupigwa pasi. Hana. Basi usiku mwema, wifi.

Haimaanishi kwamba Mama Pasi alilainika. Kituoni bado anaenda kila wiki, maana mafunzo hayajaisha, na walezi wamezoea kukuta kiti cha mwisho kina mwenyewe. Siku ambazo anatakiwa kukaa upande wa mbele, hafiki na kukaa tu. Anamshika Chiriku mkono, wanakwenda wote wawili kwenye kioo, wanaweka nyuso, wanazungushia viganja. Anatazama birika. Anatazama magoti, suruali ya kijivu, kamba ya miwani, anatazama hata chini ya meza, na juu ya meza kama kuna simu iliyoelekezwa kwao. Nyuma ya kioo Mama Viungo humpungia mkono, yeye hapungi. Akisharidhika hunyooka, huzifuta alama zake na kuziacha za mtoto.

"Haya, Chiriku," husema. "Vua viatu."